Mwalimu wa Filimbi Aliyesema Bado

Watu wakimkumbuka mwalimu wangu wa filimbi huanza na sifa. Husema alikuwa mtu wa nidhamu, mtu wa kanisa, mtu aliyerudi kutoka bendi ya jeshi la wakoloni akiwa na mgongo ulionyooka kama nguzo ya simu. Yote ni kweli na siyapingi. Ila mimi nilikaa mbele yake kila Jumanne na Ijumaa tangu nikiwa darasa la saba mpaka nikamaliza kidato cha nne, na mtu aliyekaa hivyo ana haki ya kuanza na kero.

Kero yenyewe ilikuwa neno moja. Ukimaliza kupiga, alitazama nje ya dirisha kana kwamba kuna mgeni anamngojea, kisha akasema, "Bado." Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningelia, nikaenda zangu, na mambo yangeisha. Alilisema kama mtu anayekujulisha kwamba maji hayajachemka. Watoto wa nyumba za reli walimwita Mwalimu Bado akiwapa kisogo, na nadhani alijua, maana siku moja mmoja wao alimwita hivyo mbele ya uso wake na yeye akaitika.

Alikaa Voi, ng'ambo ya reli, katika chumba kilichokuwa nyuma ya duka la dobi. Kitanda, meza, viti viwili, na juu ya kabati filimbi tatu za chuma alizotoka nazo jeshini, zimefungwa kwa flana. Vumbi jekundu la Voi, lile linaloingia mpaka ndani ya chumvi, halikuingia chumbani mwake. Sijui alilifanyaje. Mkewe alifariki kabla sijamjua, na picha yake ilikuwa ukutani, imegeuzwa kidogo kuelekea kiti cha mwanafunzi, kiasi kwamba ulipokosea ulikosea mbele ya watu wawili.

Nilifikishwa kwake na mchwa. Baba alikuwa karani wa tiketi pale stesheni na mzee wa kanisa, na kinanda cha kanisa letu kilikuwa kimeliwa na mchwa mpaka kikabaki meno. Baba alifikiri sana, kisha akaamua kwamba nyimbo za ibada zinahitaji chombo kisicholiwa. Filimbi ya mwalimu ilikuwa ya chuma. Basi nikapelekwa mimi, binti yake wa kwanza, nijifunze kwa haraka, ili ikifika Krismasi waumini wawe na kitu cha kufuata. Krismasi ile waumini walifuata sauti ya baba. Na Krismasi iliyofuata. Nilipokuja kupiga filimbi kanisani, kanisa lilikuwa limeshapata kinanda kingine.

Maana hukupewa filimbi hivi hivi. Kwanza ulipuliza maji. Mwalimu alisema midomo ya mpiga filimbi hujengwa kabla ya filimbi, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakutaka chumba chake kiloe, alitutuma kwa dobi. Dobi alikuwa mzee wa Kiislamu, familia yake imetoka Pwani, na kama madobi wote wa zamani alikijaza kinywa chake maji na kuyapuliza juu ya nguo kabla ya kupitisha pasi ya makaa. Maji yake yalitoka kama ukungu. Hayakutua, yalielea kwanza. Mwalimu alitaka tupulize vile vile. Mimi yangu yalitoka matone, mengine yakanirudia kidevuni.

"Mwanangu, hii ni kanzu, si kitalu cha mchicha," dobi aliniambia. "Wamwagilia nini?"

Nikawa nafanya mazoezi nyumbani, nyuma ya jiko, na hapo ndipo nilipomtia nyanya yangu hofu. Nyanya alikuwa ameshuka kutoka mlimani, upande wa Wundanyi, kuja kutuona. Akanikuta peke yangu nimesimama, nachukua maji kinywani, napuliza, nachukua, napuliza. Kwetu Taita kufanya hivyo si mchezo. Ni kutasa. Mtu mzima aliye na kinyongo na mtu wake huchukua maji au pombe ya miwa kinywani, akapuliza nje, akasema mbele ya watu kwamba moyo wake umepoa. Tunaambiwa hasira iliyofichwa moyoni humwuguza yule unayemkasirikia, hata kama wewe hutaki augue, kwa hiyo huna budi kuitoa. Ni kazi ya wazee. Mtoto wa darasa la saba anayetasa nyuma ya jiko, tena bila kukoma, lazima ana mambo mazito.

Nyanya hakuniuliza mimi. Alijifunga leso yake vizuri, akavuka reli, akaenda kumwuliza mwalimu huyu mtoto ana hasira na nani. Mimi nilikuwa nyuma yake natamani ardhi ipasuke.

"Mama, huyu hana hasira," mwalimu alimjibu kwa heshima zote. "Akae na mimi miaka miwili, atapata."

Nyanya alicheka mpaka akaketi. Alirudi nyumbani akasema mwalimu yule ni mtu mzuri, niachwe naye. Hivyo ndivyo watu wangu walivyoniuza, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu aliwachekesha.

Alikuwa na mambo yake mengi, na karibu yote yalinichosha. Hakukubali ule njugu siku ya somo. Alidai filimbi husema ulichokula, na kweli alikuwa akijua, ingawa baadaye niligundua alikuwa anatazama maganda kwenye mfuko wa sketi yangu. Treni ya mizigo ilipopita, hakusimamisha somo. Wewe ndiye uliyetakiwa kushika sauti moja, bila kuyumba, tangu kichwa cha treni mpaka behewa la mwisho, na ole wako kama ni ile ya kwenda Nairobi yenye mabehewa yasiyoisha. Ukikata pumzi katikati, ulingoja treni nyingine. Nilikuwa msichana pekee Voi aliyeombea reli iharibike, na baba yangu anakula mshahara wa reli.

Methali za subira alizichukia, jambo ambalo ungedhani ni kinyume chake. Mama alipomwambia siku moja, kwa kunitetea, kwamba mvumilivu hula mbivu, alimjibu kwamba wengine huvumilia wakala zilizooza. Hakuwa anatufundisha subira, alisema. Subira ni ya mtu anayengoja. Sisi tulitakiwa kufanya kazi.

Na bado alikuwa mwema, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu akiwa mbaya unajua pa kumweka. Nilipougua malaria nikiwa kidato cha pili, alikuja nyumbani kila siku na chungwa moja, akalimenya mwenyewe kwa kisu kidogo bila kukata ganda, akaniachia. Hakuzungumza habari ya filimbi hata mara moja. Nilipopata nafuu nikaenda darasani, nikapiga nilichoweza. Nilidhani siku hiyo angalau angenihurumia. Alitazama dirishani. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

Kitu kimoja sikukielewa. Hakuwahi kutupigia. Mwalimu wa useremala hukuonyesha kiti, mwalimu wa filimbi wangu hakunionyesha hata wimbo mmoja. Aliweka filimbi mdomoni, akaonyesha pembe ya kichwa, akaishusha. Nilianza kufikiri kwamba hajui. Nikamwambia mama hivyo, na mama hakunikataza.

Kisha mtoto wa jirani yetu mmoja akafariki, na siku ya maziko nilimsikia mwalimu akipiga. Watu walikuwa wameketi uani, wanawake wanaimba. Yeye alikuwa amekaa mbali, nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji, amewapa watu mgongo, anapiga chini kwa chini ule ule wimbo ambao wanawake walikuwa wakiimba. Ulikuwa umelala chini ya sauti zao, ungeweza kukaa pale usijue kwamba kuna filimbi. Mimi nilijua. Nywele zilinisimama. Nilisogea mpaka kwenye pembe ya nyumba, na alipomaliza aliikung'uta filimbi, mate yakadondoka mchangani, na nikamsikia anajiambia mwenyewe, peke yake, kwa sauti ile ile, "Bado."

Wengine wangeguswa. Mimi nilikasirika. Nilifikiri, kama hata ile ni bado, basi mimi nimekwisha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Shule za sekondari zilikuwa na mashindano ya muziki ya mkoa, kule Mombasa. Nilitaka kwenda. Sikutaka kitu kingine chochote duniani, hata sare mpya, hata kupendwa na kijana yeyote. Nilitaka kusimama jukwaani Mombasa na filimbi ile, nipige wimbo wa kubembelezea watoto ambao nyanya alikuwa akituimbia, watu wajue kwamba kuna msichana Voi. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mama mwangalifu. Alisema kwamba yeye hajui filimbi, kwa hiyo angefuata neno la anayejua. Mwalimu wangu wa filimbi akisema niko tayari, nitakwenda.

Kidato cha pili alisema bado, nikakubali. Kidato cha tatu alisema bado, nikalia kwenye reli. Kidato cha nne ilikuwa nafasi ya mwisho, maana baada ya hapo sikuwa mwanafunzi tena. Nilijifunza wimbo ule mpaka vidole vikaota sugu. Niliupiga mbele ya dobi, naye akaacha pasi ikaunguza kitambaa. Nikaenda kwa mwalimu Ijumaa ile, nikaupiga mwanzo mpaka mwisho, na sikukosea. Najua sikukosea. Nimekuwa mwalimu tangu wakati huo na najua mtoto akikosea na asipokosea.

Alitazama dirishani muda mrefu kuliko siku zote. Nikasema moyoni, leo.

"Bado," akasema.

"Mwalimu, niambie ni nini kilicho bado, nikitengeneze."

"Kingekuwa kitu kimoja, ningekwambia."

Nilitoka bila kuaga. Baba alikasirika kuliko mimi. Alisema hata pure, mahindi makavu na maharagwe, mwisho wake huiva, sembuse mtoto. Mama alisema taratibu kwamba mwanafunzi akiiva huondoka, na yule bwana anakaa peke yake na picha ukutani. Inawezekana. Nimelifikiria hilo miaka mingi na halijanipunguzia chochote. Mashindano yalifanyika, na kutoka shule jirani alikwenda msichana wa kupiga tarumbeta ambaye ungedhani anaita ng'ombe. Alirudi na cheti.

Filimbi aliyoniazima, moja ya zile tatu, ilibaki kwangu. Sikuirudisha, na yeye hakutuma mtu kuidai. Niliondoka nayo kwenda chuo cha ualimu, kisha Mombasa nilikoajiriwa, na kila nilipoipiga nilikuwa nabishana na mtu ambaye hayupo. Watoto wa shule yangu waliipenda. Wazazi walipiga makofi. Sikuamini makofi hata kidogo. Hilo pia alinifanyia.

Miaka ikapita, mpaka tukafika katikati ya miaka ya themanini. Mama akanitumia salamu kwa kondakta wa basi. Mwalimu alikuwa mgonjwa, amehamia kwa dada yake, kule juu karibu na Mwatate. Kifua kilikuwa kimembana, amelazwa hospitali akatoka, na bado hakuwa na nguvu. Dada yake sasa alikuwa anazunguka kutafuta kila mtu mwenye neno moyoni juu ya kaka yake, aje alitoe. Mama aliongeza, na kondakta akanifikishia bila kupunguza, kwamba nisijifanye sina.

Nilikwenda Jumamosi. Sikwenda kwa kuamini. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba mimi ni mtu niliyesoma, kwamba kifua hutibiwa kwa sindano. Nilipofika nikamwambia hivyo dada yake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamrisha.

"Hospitali imetoa dawa yake," alisema. "Sasa tunatoa yetu. Kaa foleni."

Na kweli kulikuwa na foleni. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani mwenye kinyongo na mzee yule, na hapo uani benchi lilikuwa limejaa. Kulikuwa na koplo wa polisi aliyetoka Taveta, mshonaji nguo wa Mwatate, mtunza stoo wa shamba la mkonge, na wengine nisiowajua, watu wazima wenye mvi zao, wote waliwahi kupuliza maji kwa dobi mmoja. Tulitazamana kama watu waliokutana kwa daktari wa ugonjwa wa aibu. Koplo alinong'ona, "Wewe pia bado?" nikamwambia, "Mimi pia."

Hata dobi alikuwepo, amekonda, amekalia kiti chake pembeni.

"Mimi sina hasira naye, mwanangu," alinieleza. "Nimekuja kutazama kama mmejifunza."

Mwalimu alikuwa ameketi mlangoni, blanketi mpaka kifuani. Mgongo ulikuwa bado umenyooka. Alituangalia mmoja mmoja bila kusema jina la mtu.

Koplo akaanza. Akasimama kikakamavu, akasema alikatazwa kujiunga na bendi ya polisi kwa sababu ya neno moja, na sasa anaitoa hasira hiyo. Akajaza maji kinywani, akapuliza. Yalimwagika kwenye viatu vyake.

"Midomo umeiachia," mwalimu alisema.

"Kaka, nyamaza," dada yake akamkemea. "Unatibiwa."

Mshonaji akafuata, naye akaambiwa kichwa kimeinama. Mtunza stoo akaambiwa anaharakisha. Kila aliyekuja kutoa hasira aliondoka akifuta kidevu, na nikaona nyuso zao zinaanza kuwaka upya. Dada mtu alikuwa ameshika kichwa.

Ikafika zamu yangu. Nilipewa maji katika kata. Nilikuwa nimepanga kusema maneno mafupi ya adabu, niondoke na basi la alasiri. Badala yake niliusikia mdomo wangu unasema yote.

"Mwalimu, mwaka ule wa mwisho ulinizuia kwenda Mombasa. Nilikuwa tayari, na wewe ulijua. Sijawahi kukusamehe."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa kwamba mvua imenyesha wilaya nyingine. Nikasema, basi, naitoa, upone. Nikachukua maji kinywani, nikapuliza.

Sijui kilichotokea. Labda kwa kuwa nilikuwa nimechoka, labda kwa kuwa kwa mara ya kwanza mbele yake sikuwa najaribu. Maji yalitoka ukungu mtupu. Hayakutua. Yalielea pale uani katika jua, juu ya mchanga, na dobi akasema, "Subhanallah," polepole.

Mwalimu aliacha kutazama kando. Aliutazama ule ukungu mpaka ulipokwisha.

"Ndiyo hiyo," akasema. Akageuza macho kwangu. "Hiyo ndiyo pumzi. Filimbi yangu iko wapi?"

"Iko Mombasa, Mwalimu."

"Ilete."

Nililia hapo hapo mbele ya foleni. Watu walidhani ni moyo umepoa, wakanipigapiga mgongoni. Ilikuwa hasira. Neno nililolisubiri tangu utoto nilipewa kwa ajili ya maji, siku ambayo sikuwa na filimbi.

Niliomba ruhusa kazini, nikaileta Jumanne. Nilimkuta ameketi nje peke yake bila blanketi, anakunywa uji. Alikuwa na nafuu ya wazi. Dada yake alisema ni maji, muuguzi aliyekuja kumchoma alisema ni sindano. Mimi nadhani alipata nguvu kwa kuona wanafunzi wake wote kwa pamoja wanakosea.

Aliipokea filimbi, akaipapasa, akaona kwamba nilikuwa nimeitunza, akanirudishia. Nikapiga ule wimbo wa nyanya. Nilikuwa mwanamke mzima, mwalimu wa watoto wa watu, na nilisimama mbele yake kama mtoto wa darasa la saba. Niliupiga wote. Yeye alikuwa ametazama kwenye geti, ambako hakukuwa na mtu.

"Bado," akasema. "Ile midomo ya maji umeiacha wapi?"

Hasira niliyoitoa Jumamosi mbele ya mashahidi ilinirudia nzima, haikupungua hata kidole. Dada yake alikuwa ameketi mlangoni anachambua mboga. Aliniangalia usoni, akauweka ungo chini, akainuka kwenda kuchota maji.